Nyota Nilizoziona Juu ya Madhabahu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana leo nawaona. Wazee, shikamooni. Mimi si msemaji, nitasema kidogo nikae.

Wengi mnanikumbuka. Ni mimi niliyesimama hapahapa, mimba ikiwa ya miezi minane, nikasema kwamba katika maombi nimeona nyota zikimetameta juu ya madhabahu. Mlipiga vigelegele. Mmoja wenu akatabiri kuwa mtoto atakuwa mtumishi. Nilifurahi, siwezi kuwadanganya. Miaka sita nipo kwenye kikundi cha maombi, wenzangu wanaona malaika, mimi naona ukuta. Sasa na mimi nimeona!

Sikuwaambia kwamba nyota zilinifuata nyumbani. Niliziona nikichagua mchele, nikianika dagaa. Kichwa kiliuma, macho yakaingia ukungu, miguu ikavimba hadi nikawa navaa kandambili za mume wangu. Siku yangu ya kliniki ilipofika sikwenda. Nilijiambia, mambo ya rohoni hayapelekwi kwa nesi. Ujinga ulioje!

Aliyenizindua ni jirani yangu hapa Kamanga, Mama Zuhura, muuza maandazi. Yeye ni Mwislamu, vigelegele vyenu hakuvisikia. Asubuhi moja nilinyoosha mkono nichukue andazi, nikashika hewa. Akaniuliza naona nini. Nikamjibu kwa majivuno kabisa: nyota.

"Mwanangu," akasema, "mdogo wangu naye aliziona, akiwa na tumbo kama lako. Tukadhani ni uchovu. Tulimzika yeye na mtoto wake. Inuka twende."

Akaepua karai lake, akaacha unga mezani. Kule zahanati, nesi alinipima presha mara mbili, wala hakutabasamu. Mkojo nao ulikutwa na protini. Akasema hiyo ni presha ya mimba, na kinachofuata ni kifafa. Nikachomwa sindano, tukapandishwa kivuko kwenda hospitali Mwanza, Mama Zuhura kanishika mkono. Katikati ya ziwa ukungu wa macho ukafunga kabisa. Nilisikia honi, nilisikia watu, sikuona mtu. Ndugu zangu, niliogopa! Nikamwambia Mungu: maono sitaki tena, nataka kumwona mwanangu.

Nilifanyiwa upasuaji siku hiyohiyo. Nilimshika mtoto kabla sijamwona. Siku ya tatu ukungu ukaanza kupungua, na kitu cha kwanza nilichokiona sawasawa kilikuwa sikio lake. Ndiye huyu anayewapigia kelele.

Namshukuru Mungu aliyemtuma muuza maandazi. Mtumainini! Alitenda kazi kwa kipimo cha presha, na utukufu wake haukupungua hata kidogo. Ila nawaomba jambo moja. Dada mwenye mimba akisimama tena hapa akasema anaona nyota, vigelegele viwekeni kando kwanza. Mshikeni mkono mumfikishe zahanati. Mtavipiga akirudi.