Sakafu Nyembamba Chini ya Bahari

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, na anayekaa hapo lazima achangie neno. Siku hiyo Zege, fundi wa kumwaga sakafu, alikaa kimya mpaka kahawa aliyomiminiwa na Mama Kahawa, muuzaji wetu, ikapoa. Binti yake aliyesomea miamba alikuwa anaondoka mchana na meli ya kutoboa chini ya bahari, akakae huko mwaka mzima. Baba mtu hakuwa amempa ruhusa wala kumnyima. Alitoroka nyumbani asubuhi akaja kwetu, nami nikajua anatafuta watu wa kumsaidia kukataa. Basi alifika penyewe.

ZEGE: Jamani, nisaidieni. Huyu mtoto ananiambia sisi wa nchi kavu tumekalia mwamba wa kilomita thelathini na kitu kwenda chini. Kule baharini? Saba tu!

MAMA KAHAWA: Saba? Na maji yote yale juu yake?

ZEGE: Ndilo linaloninyima usingizi. Mimi penye tenki la maji ndipo namwaga zege nene. Hapa kuna mtu kala saruji.

MIMI: Pengine sakafu ya huko ni nyembamba lakini imara. Imepangwaje?

ZEGE: Juu kabisa tope. Halafu mawe ya volkano yaliyoganda mabongemabonge, kama mito ya kulalia. Chini yake mawe yamesimama wima, yamebanana kama mbao dukani. Mwisho ndio mwamba mzito ulioganda polepole.

MAMA KAHAWA: Mito ya kulalia, kwenye msingi? Fundi huyo alikuwa amechoka!

Tulicheka wote isipokuwa Jasusi. Huyu ni mlinzi mstaafu wa maghala, na hata kikombe cha kahawa hukikagua kitako kabla ya kunywa.

JASUSI: Hiyo sakafu ina umri gani?

ZEGE: Eti changa kuliko ya kwetu. Katikati ya bahari pana ufa, uji wa moto unapanda, unaganda, sakafu mpya inasogea pembeni.

JASUSI: Na ya zamani inakwenda wapi?

ZEGE: Inazama chini ya nchi kavu.

JASUSI: Ahaa! Mnasikia? Ya zamani inazikwa chini yetu sisi tuliolala. Huko ni kupoteza ushahidi.

MIMI: Ushahidi wa nini?

JASUSI: Ungejulikana, ungekuwa umepotea? Na hao wenye meli, mbona hawatoboi hapa uani kwako? Nimelinda maghala mimi. Mwizi hahangaiki na ukuta mnene. Kuna kitu chini wanakifuata.

MAMA KAHAWA: Wala! Wanatafuta tundu la kumwaga maji. Bahari ikikauka, wagawane viwanja.

JASUSI: Na hatimiliki wameshaandika!

ZEGE: Na atakayeshika keekee ya kutobolea ni mwanangu. Dunia ikivuja, nani atatajwa? Si yeye?

Upuuzi mtupu, lakini hata mimi nilianza kuitazama ardhi chini ya benchi kwa jicho baya. Tukiwa katika hali hiyo, binti akatokea, mfuko wa safari mkononi.

BINTI: Shikamooni. Baba, nimekutafuta kila mahali.

ZEGE: Nilikuwa kwenye uchunguzi, mama. Kilomita saba ni nyembamba. Wenzangu hapa mashahidi.

BINTI: Lakini baba, hakuna aliyewahi kuitoboa hiyo sakafu nzima mpaka chini. Hata sisi hatutafika.

JASUSI: Ndivyo wanavyowaambia!

Binti alimgeuzia mgongo. Alichuchumaa mbele ya baba yake.

BINTI: Haya, tuseme ingekuwa nene. Kilomita mia nzima. Ungeniruhusu niende?

Jasusi alikiinua kikombe chake akakagua kitako. Mama Kahawa akaanza kumimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa. Mimi nikashika kiatu cha mteja nisijue nakifanyia nini.

ZEGE: Hapana, mama. Hata ingekuwa mia mbili.

Machozi yalimtoka. Sijawahi kumwona hivyo, na iliniuma.

ZEGE: Tangu uzaliwe sijafunga mlango kwa komeo kabla ya kukusikia uko ndani. Sasa nitafungaje?

Zege alijifuta uso kwa mkono, akasimama, akamnyang'anya mfuko na kuutupa begani.

– Twende, alisema. Meli isije ikakuacha.