Bulaimu Aliyerefusha Maneno

Kaeni hapo hapo nje, wanangu, msiguse ukuta. Riziki, mshike Kalume mkono, Jamila mfunge mgongoni vizuri, mimi nitasema kutoka humu ndani, msijaribu kunichungulia. Ndui iliyomchukua baba yenu imeshanipanda usoni, na mtu akiwa hivi hamkumbatii mtoto wake.

Mmesikia adhana? Leo Ijumaa, Mbaraka, bwana wa baba yenu, na watu wake wa bunduki wameingia msikitini, na kabla hawajatoka mtumbwi wa Asumani, yule mvuvi, lazima uwe katikati ya mto, nafasi nyingine hakuna. Mbaraka amesema mbele ya watu kwamba baba yenu alikula kwake na kuvaa kwake, basi nyumba na watoto wa baba yenu ni mali ya Mbaraka, na vita vikizidi kushuka kutoka Nyangwe atawachukua huko anakokimbilia. Riziki, wewe umeanza kukua, unajua ninachoogopa, sitakitaja mbele ya mdogo wako.

Urithi wenu sasa. Shamba la mpunga ni la Mbaraka, nyumba mmeshasikia, nguo za baba yenu tulizichoma. Baba yenu Bulaimu hakuacha kitu cha kubeba kichwani. Lakini kuna habari zake ambazo mtazifikisha kwa mama yake, bibi yenu wa ng'ambo, huko Alunguli, maana yule mama ana kinyongo na mwanawe, na sasa hakuna mlango mwingine wa kuwapokea ila wake.

Baba yenu alikuwa mtoto wa wavuvi kabla hajavaa kanzu ya Waungwana, watu wa Mbaraka, na alipenda maneno kama wengine wanavyopenda nyama. Akimkuta mgeni sokoni, hajauliza hata bei ya samaki, anauliza, "Kwenu umande munauita namna gani?" Halafu anarudi mbio, ananikuta jikoni na moshi machoni. "Mama Riziki, leo nimepata neno!" Na mimi, "Na kuni je, umepata?" Anacheka mpaka anakaa chini, ndipo anakwenda kuzitafuta. Kalume, ulipokataa sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, alikutajia jina lake kwa kila lugha aliyoijua, kila lugha tonge moja, na chungu kikaisha wewe mwenyewe hujui. Huyo njo baba yenu, msikubali mtu awape mwingine.

Kazi yake ilikuwa kumtafsiria Mbaraka, na kwa kazi hiyo watu wa ng'ambo walimwita mdomo wa Mbaraka. Mama yake akampigia ngoma ya mti, ile inayosema maneno, mto mzima ukasikia, kwamba yeye hana mwana tena. Baba yenu alisimama ufukweni akaisikiliza mpaka mwisho. Tangu siku hiyo sikumwona akila samaki wa ng'ambo.

Basi mwambieni bibi yenu niliyoyaona kwa macho yangu, maana yeye hakuwapo. Ilikuwa kijiji kimoja cha juu ya mto, nina Jamila tumboni. Mbaraka akasimama mbele ya wazee, akasema, "Waambie walete pembe za ndovu, la sivyo nachoma." Baba yenu akaanza. Akawasalimu wazee, akawasalimu waliokufa, akauliza mvua, akauliza nyavu, akasema kuna mgeni hapa ana njaa na hasira na bunduki, mpeni kitu cha kushika mkononi apite, na wakati mimi mtafsiri ninasema, akina mama wawaondoe watoto polepole, kama watu wanaokwenda kuokota kuni.

Mbaraka akageuka. "We Bulaimu! Mimi nimesema maneno mawili, wewe unasema mpaka kivuli kinahama?"

"Lugha yao ni ndefu, bwana."

"Ndefu, au wewe unairefusha?"

"Ndefu, bwana. Hata 'ndiyo' yao, mutu anaisema akiwa amekaa, asichoke."

Watu wa bunduki wakaangua kicheko, Mbaraka naye akacheka, pembe ikaletwa, na hakuna paa lililoshika moto. Mimi lugha zote mbili nilizielewa, na neno moja tu la mtu mwingine lingetosha kumuua pale pale. Alifanya hivyo kila kijiji, wanangu. Kila kijiji.

Nipeni... ngojeni, ninywe maji.

Jana Asumani alipiga ngoma kambini kwa wavuvi. Ngoma haitaki jina fupi, majina mafupi hulia sawasawa, kwa hiyo baba yenu aliwatungia marefu. Riziki ni msichana aliyefika mvua ikiwa bado mlangoni. Kalume ni kijana anayeuliza mto unakwenda wapi. Jamila hana bado, homa ilimwahi baba yenu, jina lake mtamwomba bibi. Asumani akapiga majina hayo, akapiga na habari ya kifo. Akarudia, akarudia tena, nikajua tumekosa. Halafu ngoma ikajibu: waje, nguo za Waungwana zibaki majini.

Basi mtazivua mtumbwini. Kalume, usiililie kofia yako. Mkifika msiingie kijijini, kaeni kwenye kibanda cha ufukweni mpaka mwezi mwingine uandame, isiwe sisi tuliowapelekea ndui. Anayewaletea chakula, mwacheni aondoke kwanza ndipo mchukue. Bibi msalimieni kwa lugha yake, magoti chini. Akimtukana baba yenu, mwacheni amalize, ndipo Riziki useme. Mbaraka msimlaani mbele za watu, ana masikio pande zote mbili za mto. Na Riziki, wadogo zako usiwaambie kwamba ninakuja.

Neno moja bado, na hili njo kubwa. Homa ikipanda mimi nitaita. Nitawaita kwa majina, nitasema nimepona, nitasema rudini. Msirudi. Hata sauti ikiwa yangu kabisa, msirudi, wala msinijibu, maana nikisikia mnajibu nitatoka humu kwa magoti niwafuate.

Mungu awafiche machoni mwa wenye bunduki. Maji yawabebe kama watoto wake. Chakula cha watu wengine kiwe kitamu mdomoni mwenu, na popote mtakapolala pasiwe na mtu wa kuwaamsha kwa nguvu. Mmeombewa na baba yenu, mmeombewa na mimi.

Nendeni. Pitieni nyuma ya migomba... Riziki, bado nasikia unavyopumua hapo ukutani. Nenda, mama. Nenda.

Riziki?

Kalume, baba... njoo kidogo. Nimepona.

Riziki?

...Haya. Vizuri. Vizuri, wanangu.