Mama Mzee Aendaye Kolwezi

Katika treni ya kutoka Lubudi kwenda Kolwezi, mwaka mmoja kabla ya Uhuru wa Kongo, niliketi mkabala na watu wawili wasiojuana. Mmoja alikuwa Tshibangu, karani wa kambi ya wachimbaji huko Kolwezi. Wa pili alikuwa Mama Ntumba, mke wa mchimbaji wa kambi hiyo, aliyekuwa akimpeleka mama mkwe wake akaishi naye kambini. Kikongwe huyo alisinzia begani pake.

"Kambi yetu inachunga kila muntu," karani alijigamba. "Mutoto iko na maziwa, kijana iko na masomo, mama iko na foyer, nyumba ya kujifunza kushona."

"Na muzee, tata kalani?" Ntumba alimuuliza kwa heshima.

"Muzee anarudia ku muji kwabo." Alilitamka hilo la wazee kurudishwa vijijini kwao kama atajaye majira ya mvua.

"Kwabo hakuna tena muntu. Na ni yeye alizaa ule mutumikaji wenu!"

"Mama, sheria haiko yangu. Mi naandikaka tu."

"Basi usiandike!"

Abiria walicheka. Mapadri wa shule ya bweni niliyosoma walitufunza kuiheshimu sheria, kwa hiyo sikucheka.

"Na weye ukizeeka, utarudia wapi?" Ntumba alimuuliza karani.

"Kwetu, Kasai."

"Ulitokaka kule lini?"

Tshibangu alitazama dirishani. "Mi nilizaliwa huku huku Katanga," alisema.

Treni ilisimama Kolwezi. Karani alitangulia kushuka, kisha akageuka, akamshika kikongwe mkono. "Polepole, mama," alisema. Ntumba hakuuachilia mkono wa pili wa mama mkwe wake.