Mama Generose wa Jardin ya Mivumu

Wapendwa mliokuja kulia pamoja nasi, wa mjini, wa Lubarika na wa milimani, na weye pia Bwana Franck uliyeegesha jeep yako juu ya maua ya marehemu, karibuni wote. Mimi ni Jean-Berchmans, mdogo wake, yule wa kutembea-tembea, na jamaa wamenipa karatasi hii nisome kwa sababu wenye akili wote wanalia.

Dada yetu Generose alizaliwa tarehe 12 Machi 1957 huko Lemera, akasoma shule ya msingi hukohuko, akashuka Uvira mwaka 1970 kwa shangazi ili aendelee na sekondari, na ndipo alipoiona kwa mara ya kwanza Jardin ya Mivumu, bustani hii ya mji tunamokaa sasa, ambayo Wabelgiji waliipanda miti ya mivumu kando ya ziwa, wakaizungushia waya, wakajikalia humo na mbwa wao. Baba yetu, akiteremsha mihogo sokoni, alikuwa anaipita kwa nje, na hata baada ya uhuru, waya zilipokwisha kutolewa, miguu yake ilikataa kuingia.

Tarehe 3 Septemba 1979 binti yake akaingia na funguo mkononi, mji ulikuwa umemwajiri kuitunza, wakati huo iko na viti vya simenti, na fanfare, bendi ya tarumbeta, kila Jumapili, na maharusi wote wa Uvira, Wakristo na Waislamu, walipita hapa kupigwa foto kabla ya kwenda kula. Katika harusi ya watu wengine akakutana na Donatien, mpiga foto, aliyemwamuru atoke kwenye picha, yeye akakataa, akasema maua yana kiu kuliko bibi harusi, wakaoana tarehe 18 Julai 1981, wakajaliwa Luc, Agnès na Josée, na Donatien akatutangulia mwaka 2009.

Mimi mwenyewe nimelala kwenye bustani za umma za Lusaka, Nairobi na Bruxelles, si kwa kupenda maua, biashara zangu mnazijua, na kote huko polisi walinifukuza asubuhi, ni hapa tu mlinzi, dada yangu mwenyewe, aliniamsha kwa chai, halafu akanipa jembe.

Vita ya mwaka 1996 ilipofika, wakimbizi walilala humu, wakakata miti wapate kupika, na dada hakugomba, aliwaonyesha yeye mwenyewe mti gani unawaka vizuri, na walipoondoka akapanda mingine. Kwa hiyo msidanganywe, vita haikuiua bustani hii, walioiua ni watu wa wakati wa amani, waliovaa tai, huyu akamega pembe ya kujenga baa, yule ya kituo cha mafuta, mwingine ya maduka, na mwaka 2020 ziwa nalo lilipanda likala upande wa chini, ila ziwa halikusema limenunua.

Mwaka 2022 akaja Bwana Franck na kamba ya kupimia na karatasi inayosema amenunua pembe iliyobaki, akamuuliza mbele ya watu, "Weye Mama Generose, hii bustani iko ya baba yako?" Dada hakuacha kumwagilia, akajibu, "Hapana mwanangu, ya baba iko Lemera, iko na mihogo. Hii iko ya mama yako, alipigia humu foto ya ndoa, akakanyaga maua yangu na viatu virefu." Watu wakacheka, Bwana Franck hakucheka, na tangu siku hiyo miche ikawa inang'olewa, dada anapanda, inang'olewa, anapanda.

Tarehe 9 Mei 2024 alianguka karibu na bomba, akapelekwa hospitali, na tarehe 14 Juni 2024 akaiaga dunia. Sisemi Bwana Franck alimuua, daktari alisema ni tension, presha ya damu, nasema tu kwamba ilikuwa inapanda kila gari fulani lilipopiga honi.

Nyumba yake iko na maji ya ziwa mpaka dirishani, ndiyo sababu matanga yamekaa hapa, kwenye pembe iliyobaki. Jana Bwana Franck alituletea mchele, tunamshukuru, umeliwa, akamwambia Agnès kwa sauti ya pole, "Dada, muondoe matanga Jumapili, mafundi wangu wanaanza msingi Jumatatu." Agnès akamjibu, "Papa Franck, tutaangalia."

Tumeangalia. Kwetu hakuna anayechimba msingi mahali watu wanalia, hata weye Bwana Franck unajua, na matanga hayaondolewi mpaka mtoto wa kwanza wa kiume azime moto wa matanga na kumwaga majivu kwa mkono wake. Huyo ni Luc, na Luc iko Lusaka. Tulimpigia simu, akalia sana, halafu akaniuliza, "Mjomba, Franck naye iko hapo?" Nikamwambia iko, ameketi mbele. Akasema, "Basi minye sina haraka. Kuni ziko?"

Kuni ziko. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kazi, jirani yetu Mzee Nasoro na watu wa msikiti walioleta mikeka, tunawaomba wasiichukue bado, na ndugu wa Lubarika waliokubali kuanza zamu ya kulinda moto, wale wa milimani, wa Bijombo, watawapokea.

Dada Generose, weye pumzika kwa amani, sisi huku hatulali.