Lori Lililotoka Vitani Likabeba Pamba ya Sapiwi

Mwangaluka, ndugu zangu. Kaeni tu, sitachelewa, najua wengine mmeacha ng'ombe.

Nimeombwa niseme nilivyotengwa na nilivyorudi. Nitasema, na majina nitayataja, maana wenyewe hawakujificha waliponitendea.

Mnajua nilikuwa dereva jeshini. Vita vilipokwisha tukaambiwa serikali imeishiwa, jeshi lipunguzwe, fedha ziende kwenye kilimo. Sawa. Lakini orodha ya kambi yetu aliiandika Kapteni Mrisho, na shemeji yake, asiyejua hata kubadili gurudumu, akabaki. Mimi niliyeendesha lori mpaka ng'ambo ya mpaka nikapewa blanketi na tiketi ya basi. Mrisho sijamsamehe. Mungu anajua.

Nikafika hapa Sapiwi na buti zangu. Nikakuta pamba ya misimu miwili imejaa majumbani, maana malori yote yalikwenda vitani. Kwa dada yangu Nkwimba pamba ilikuwa chumbani, yeye na wanawe wanalala jikoni. Dukani hakuna sabuni, hakuna jembe. Nami nikawacheka: "Nyie mnalalia pamba kama ndege."

Kosa langu ni hili. Kikundi chetu cha kulima kilipopita na ngoma kuniita, nikawajibu nikiwa mlangoni, "Mwanajeshi hachezi na jembe." Ndugu zangu, nawaambia, neno lile lilinila. Luhende, wewe kiongozi wa kikundi, ulikuwa na lako, ulilitaka shamba langu la bondeni. Ukasema nitengwe: nisisalimiwe, nisipewe hata kaa la moto. Usitazame chini, leo hatugombani. Miezi saba nilisalimiana na kuku.

Ndipo lori likaja, la kwanza tangu vita. Niliujua mlio wake kabla sijaliona. Lilikuwa lile lile langu, limetolewa jeshini likapewa kazi ya pamba. Nikaingia ndani nikafunga mlango. Lori wamelipatia kazi, mimi wamenitupa.

Likapakia pamba ya kijiji kizima, likazimika kwenye mbuga ya udongo mweusi, pale mteremko wa mto unapoanza. Dereva akahangaika mpaka betri ikafa. Na wingu limeshakuwa jeusi upande wa Zagayu. Udongo ule ukinyeshewa, lori halitoki mpaka kiangazi, na pamba yote inaoza.

Nkwimba akaja mlangoni kwangu mchana kweupe, watu wanamwona.

"Kaka, lile lori si unalijua?"

"Utatozwa ng'ombe kwa kuongea na mimi."

"Ng'ombe gani? Ng'ombe wangu ni hiyo pamba. Vaa hizo buti zako za maringo, twende."

Nikaenda. Lori lile huvuta hewa kwenye bomba la mafuta. Kule vitani nililegeza nati moja, hewa ikatoka, nikakaza. Nikafanya hivyo hivyo. Nikasema, "Sukumeni." Hakuna aliyesogea, wote wanamtazama Luhende. Matone yakaanza. Luhende akavua kandambili zake, akaweka bega.

"Askari," akasema, "ukituzika hapa, ng'ombe wawili."

Watu wakacheka, wakasukuma. Likawaka. Pamba ilifika kinuni kuchambuliwa, na mvua ikatukuta tumeshavuka.

Faini ya kurudi kundini nikalipa, ng'ombe mmoja, mkamla, mkanirudisha. Nashukuru. Nkwimba leo analala chumbani kwake. Majembe yameanza kuonekana dukani.

Basi la kuwaachia ni hili. Kupunguza jeshi kuliniumiza, sitasema uongo. Lakini lori moja lililotoka kule limeitoa pamba kwenye nyumba zenu. Ila wakubwa wakitoa lori jeshini, na dereva wasimtupe njiani. Mwaka ule mmoja asingefika bila mwenzake.

Asante Nkwimba, dada yangu. Asanteni mliosukuma. Hata wewe Luhende, asante, ila shamba la bondeni hupati.

Kesho zamu ya kulimiwa na kikundi ni yako. Nitakuja mapema, na jembe ninalo.