Nafasi ya Januari Kwenye Benchi la Walipa Kodi

Benchi letu la Ngokolo, nje ya karakana ya baiskeli, halina egemeo, kwa hiyo lina pande mbili, na pande hizo zina sheria. Tangu enzi za mkoloni, aliyekwisha kulipa kodi ya kichwa alikaa mgongo barabarani akanywa kahawa kwa raha zake. Tarishi wa boma akitokea, hana la kumfanya. Ambaye hajalipa alikaa uso barabarani, macho kodo, kikombe mkono wa kushoto. Sasa ni mwaka wa 1970. Kodi ya kichwa imefutwa, tarishi amestaafu anafuga kuku, na wanaume wale wanakaa vilevile. Mgongo barabarani yuko Mzee Maige, tunayemwita Mzee Kopo, maana risiti zake zote za kodi amezitunza katika kopo la majani ya chai analotembea nalo. Pembeni yake yuko Gregory Redio, ambaye hasemi neno mpaka liwe limetangazwa. Uso barabarani, peke yake, yuko Bujiku Kiatu Kimoja. Siku aliyokurupushwa na tarishi, kiatu cha pili kilibaki kwenye tope la majaruba ya mpunga. Nafasi ya nne ilikuwa ya Januari, aliyehamia Nkome kuuza dagaa. Wiki ya tatu hiyo, kofia ya Bujiku ndiyo iliyokuwa imeikalia.

Muuza kahawa ni Mama Limi. Miaka kumi na moja anawamiminia akiwa amesimama.

— Jamani, alisema asubuhi ile, goti langu halitaki tena. Hiyo nafasi ya Januari naomba nikae mimi.

Redio alikohoa.

Mzee Kopo: Mama Limi, tunakuheshimu. Lakini hili ni benchi la kodi. Mimi nimelipa tangu nikiwa kijana wa kuchunga. Akagonga kopo lake. Ushahidi huu hapa.

— Na Bujiku alilipa lini?

Bujiku: Mimi nilifukuzwa, shemeji. Kufukuzwa ni nusu ya kulipa. Wewe nani aliwahi kukufukuza?

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mama Limi hakucheka. Alifuta kikombe kwa pindo la kanga, akahamishia uzito mguu mwingine.

— Siku hizi kodi hakuna, alisema. Basi na sheria ya benchi haipo.

Redio: Ipo! Inaitwa kodi ya mauzo. Nimeisikia mwenyewe. Msomaji wa habari alisema, "Wananchi mnaelezwa kwamba kodi hii imo ndani ya..."

Mzee Kopo: Ndani ya nini?

Redio: Betri ziliisha.

Mzee Kopo: Bhabhehi! Miaka yote hiyo betri zako zinaishia penye maana.

Bujiku: Mimi najua imo ndani ya nini. Imo ndani ya sigara. Nimepima kwa njiti ya kiberiti. Sigara ya mwaka huu ni fupi. Kile kipande kilichokatwa ndicho kodi.

Redio: Na vipande vinakwenda wapi?

Bujiku: Vinapanda treni usiku, vinakwenda Dar. Huko vinaungwa upya, wanauziwa Wazungu. Ndiyo maana sisi tunaambiwa nchi inaendelea. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Methali hiyo imeingiaje hapa? aliuliza Mama Limi.

Bujiku: Imeinama ikaingia.

Mzee Kopo alitikisa kichwa kwa huruma ya mtu anayejua zaidi.

Mzee Kopo: Kodi isiyo na karatasi si kodi. Ninavyoamini mimi, risiti zetu zinaandikwa, ila wanatutunzia. Kuna nyumba kubwa, kila Mtanzania ana saraka yake, imeandikwa jina. Ukinunua sabuni hapa Shinyanga, kule karatasi moja inaanguka ndani, pwa!

Redio: Wamejuaje kwamba umenunua?

Mzee Kopo: Waya wa simu unapita juu ya soko bure? Hata ndege hawakai pale siku ya mnada. Wanaona aibu kusikiliza mambo ya watu.

Bujiku: Ndiyo maana mimi sinunui! Tangu watangaze, sijanunua kitu. Sigara naomba. Kiberiti naazima. Kuoga naoga kwa dada yangu, sabuni yake. Waje wanikamate sasa. Nimewashinda nikiwa nimekaa!

Alilisema hilo kwa furaha kubwa, macho yake bado barabarani.

Barabarani huko akatokea Generosa, anayeuza kwenye kaunta ya duka la ushirika, amekuja kufuata baiskeli yake karakanani. Hajawahi kusimama hapo kijiweni.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Mama Limi, mbona umesimama na goti lile? Si nafasi hiyo hapo?

Mzee Kopo: Hiyo ni ya mlipa kodi, binti.

Generosa aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaitazama kofia.

— Kodi ya mauzo si imo ndani ya bei? Ukinunua kitu dukani umeshalipa. Haya, mwaka huu, hapa benchini, nani amelipa?

Mzee Kopo alifungua kopo. Akapekua. Risiti ya juu kabisa ilikuwa ya mwaka juzi. Akapekua tena, kama mtu anayetafuta nyama kwenye mchuzi wa jana, akalifunga.

— Nyumbani ananunua mama watoto, alisema kwa sauti ndogo.

Redio alitazama redio yake iliyokufa betri. Bujiku alikwisha kujitangaza mwenyewe kuwa hanunui kitu.

— Mimi ninayemjua pale kaunta ni huyu Mama Limi, alisema Generosa. Kila Jumatatu. Sabuni ya kuoshea vikombe vyenu. Viberiti. Juzi vikombe vitatu, kwa sababu kuna mtu hapa akicheka anavunja.

Mzee Kopo alinyoosha mkono, akaiondoa kofia, akapangusa mbao kwa kiganja, mara mbili.

— Karibu, Mama Limi. Mgongo barabarani.

— Wabeja, akashukuru, akaketi. Alinyoosha goti taratibu, akavuta pumzi ndefu, akatulia kama mtu aliyefika kwake.

Bujiku aliinua kikombe chake kitupu kwa mazoea. Kikabaki hewani.

— Birika hilo, baba. Mimi nimekaa.

Bujiku akainuka, akaligusa birika.

— Limepoa! Moto umezimika.

— Washa.

— Kiberiti kiko wapi?

— Kimeisha, alisema Mama Limi akijipangusa mikono. Lakini Generosa anarudi kaunta sasa hivi.

Bujiku aliwatazama wote. Kahawa ya asubuhi si kitu cha mzaha. Akavaa kofia, akaondoka mbio kwenda dukani, kwa kuwa njia ile hajui kuipita kwa mwendo mwingine, na Mzee Kopo akampigia kelele:

— Dai risiti!

Watu waliomwona akipita wakasimama kando ya njia, wakageuka kutafuta tarishi yuko wapi.