Sanda ya Swaib

Basi lilipotoka Mbale, Ramula, fundi cherehani wa Bugembe, alipakata bunda lake la vitambaa akalikumbatia. Jirani yake alikuwa amekwisha kujitambulisha mara mbili: Haji Nasif, mwenye duka la vitambaa Jinja. Alilitazama bunda lile kama mtu aliyeibiwa.

"Mama, hivi vyote kwangu viko. Mbale unafuata nini?"

"Namfuata Swaib, muuza vitambaa wa huko. Siku moja nilichagua kitambaa cha gomesi, gauni la bibi harusi mmoja, akaninyang'anya. 'Ramula, hiki kinachuja rangi, bibi harusi atakulilia.' Na mama yangu alipofariki, alifunga duka akaja Bugembe na sanda mkononi. Sikuwa nimeagiza."

"Mimi bei yangu iko chini."

"Sitaki."

Haji akacheka, maana mfanyabiashara hakati tamaa mbele ya abiria. Mpaka Iganga alikuwa amesifu rafu zake, kioo cha mlangoni, hata feni.

Basi liliposimama Bugembe alimchomekea kadi. "Usinisahau, mama... mama nani vile?"

"Jina langu nimelitaja tangu Mbale, Haji," alisema Ramula, akishuka na bunda lake. "Wewe ulikuwa unasifu feni."